Sahani Yangu Iko Njia Panda

Kama umekaa kwenye benchi la mbao lililopakwa rangi ya buluu, nyuma ya kituo cha afya, upande ule wenye upepo ambako wanatuweka sisi wenye kikohozi kikaidi, basi haya nayaandika kwa ajili yako. Nalijua benchi hilo. Mguu wake wa kushoto ni mfupi, na ukikaa pembeni, mwenzako akisimama ghafla unaanguka. Kaa katikati.

Muuguzi wetu, Mama Béa, ndiye aliyeniomba niandike. Alisema wagonjwa wapya wanamwuliza maswali ambayo yeye hawezi kuyajibu, kwa sababu hajawahi kudungwa sindano hizi hata siku moja. Nilimwambia mimi si mwalimu, mume wangu ndiye mwalimu. Akachukua daftari langu akaandika: "Batu banatafuta mwalimu hapana. Banatafuta mutu mwenye alipona." Haya, ndiye mimi. Naitwa Aziza. Nimepona kifua kikuu kile wanachokiita sugu, masikio yangu yamekufa yote mawili, na sina nia ya kumwomba mtu yeyote radhi kwa kuwa bado niko hai.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa fundi wa umeme wa pikipiki katika komini ya Kisangani, wilaya moja ya mji wetu. Umeme wa pikipiki ni mambo machache: taa, betri, waya na honi. Watu walinijua kwa honi. Kwetu njia panda nyingi hazina taa, na askari wa barabarani akiwepo leo, kesho hayupo. Kuna sheria moja tu, na hakuna aliyeiandika popote: aliyepiga honi kwanza amepita. Hatazami kushoto wala kulia. Anapiga, anapita, na yule mwingine akisikia anakanyaga breki. Kwa hiyo kila dereva alitaka honi kali kuliko ya jirani yake, na aliyetaka kali kuliko zote alikuja kwangu.

Kibanda changu kiko hatua kumi kutoka njia panda ya ghala. Njia moja inateremka kutoka sokoni, nyingine inapanda kutoka mtoni, na katikati yake umesimama ukuta wa ghala la zamani la kahawa, mrefu, usiomruhusu huyu kumwona yule. Nilikuwa nafanya kazi nimeipa barabara mgongo, na bado nilijua nani anapita. Huyu ni Bosco mwenye honi ya sauti tatu. Huyu ni mwanamke wa samaki, honi yake imeingia maji, akija nitamkaushia. Nilijivunia kazi hiyo, na sioni haya kusema hivyo.

Kikohozi kilianza katika majira ya mbinzo, wakati masoko yetu yote yamejaa viwavi na kila nyumba inanukia mafuta ya mawese. Nilikuwa siwezi kuvila. Nguo zikaanza kunizidi, nikazifunga kwa pini. Walinipa vidonge vya miezi sita, nikavimeza vyote bila kukosa siku, na mwisho wake nikakohoa damu kwenye kitambaa cha kufutia plagi. Ndipo wakasema ugonjwa wangu umezoea dawa. Sasa ni sindano kila asubuhi isipokuwa Jumapili, kwa miezi minane, na vidonge juu yake kwa miezi mingine mingi.

Nyumbani mama mkwe wangu, Mama Mwamini, alichukua sahani moja ya bati la emali, nyeupe yenye ua jekundu, akaitia alama ndani ya ukingo kwa rangi ya kucha. Hiyo ikawa yangu. Ilioshwa peke yake, ikaanikwa peke yake juu ya paa la banda la kuku. Watoto wangu wawili wakahamia chumbani kwake. Sikumlaumu mwanzoni, maana Mama Béa naye alisema tuwe waangalifu. Lakini Ramadhani ya kwanza, wakati wenzangu wote walikaa kuzunguka sinia wakifuturu, mimi nilikula uji nyuma ya pazia na sahani yangu mapajani, nikiwasikia wakicheka. Nililia, kisha nikakasirika kwa kuwa nimelia. Nakushauri ukasirike mapema, inasaidia.

Sindano zenyewe hazina hadithi ndefu. Wiki ya kwanza unaona aibu kuvua, wiki ya tatu huoni. Nyama inakuwa ngumu, unakaa upande mmoja, kesho upande mwingine. Chemsha maji, lowesha kitambaa, jikande papo hapo unaporudi, usingoje jioni. Kwenye benchi nilimkuta Papa Likunde, mzee wa Yangambi aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye vitalu vya miti vya kituo cha utafiti, akaja mjini kwa mtumbwi wa mashine kwa ajili ya dawa hizi hizi. Yeye ndiye aliyekuwa akikaa katikati. Aliponiona nimeanguka siku ya kwanza, alisogea akanipa nafasi yake, na hakuichukua tena mpaka mwisho.

"Mutoto wangu," aliniambia, "hapa banakuuliza kila siku: unakohoa, unakula, unalala? Lakini masikio hawakuulize. Ikianza kulia, sema weye mwenyewe."

Masikio yangu hayakulia. Yalinidanganya kwa adabu. Mwezi wa tatu wa sindano bado nilikuwa nafanya kazi nusu siku, na nikaanza kupata honi mbovu. Nafunga honi mpya, nabonyeza, kimya. Nabadilisha waya, kimya. Nikazikusanya tatu nikampelekea Kambale, mfanyabiashara wa Butembo anayetuuzia vipuri kwa jumla, nikamwambia kwa ukali kwamba safari hii ameleta takataka.

Kambale ni mtu mpole, mwenye rozari iliyoning'inia juu ya kaunta. Hakubishana. Alichukua moja, akaiunganisha na betri. Nikaona wanaume wawili barabarani wakigeuka. Nikaona mwanamke aliyejitwika beseni la mihogo akiruka pembeni. Mimi sikusikia kitu.

"Mama Aziza," alisema, na sauti yake nzito bado niliisikia, "inalia muzuri sana. Weye hausikie?"

Nilizichukua honi zangu tatu nikaondoka bila kuaga.

Kesho yake nilimwambia Mama Béa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema kuna dawa nyingine za kumeza tu ambazo haziui masikio, na kwamba ziliagizwa, lakini vita vya mashariki vilikuwa vimefunga njia na hakuna aliyejua zitafika lini. Mji wetu ulikuwa umejaa watu waliokimbia huko, wengine wanalala madarasani. Malori ya Butembo yalikuwa yameacha kuja.

"Hapa tuko na sindano tu," alisema. "Ukiacha, ugonjwa itarudi na nguvu. Ukiendelea, masikio inaweza kuisha kabisa. Chagua weye."

"Unaita hii kuchagua?"

Papa Likunde alikohoa cheko lake. "Kiziwi anaweza kukula samaki, mutoto wangu. Maiti anakula nini?"

Nilivua, nikadungwa. Nataka ujue kwamba nilichagua. Watu wanapenda kusema ugonjwa ulinichukulia masikio, wengine wanasema vita. Vita vina dhambi zake nami sijavisamehe. Lakini ni mimi niliyegeuka ukutani nidungwe kila asubuhi, nikijua ninachokitoa na ninachokinunua. Nilitoa masikio nikabaki na mapafu, na nikipewa tena nafasi ile ile nitafanya vile vile.

Sauti ya mwisho ninayoikumbuka si ya mwanangu wala ya mume wangu. Ni ya mashine ya jirani ya kusaga mihogo, ambayo niliichukia miaka kumi. Ilinguruma chini kabisa, ikawa mtikisiko tu, kisha mvua kubwa za mwisho wa mwaka zikanyesha juu ya mabati yetu bila sauti yoyote. Nilisimama mlangoni nikaangalia maji yakiruka. Nilihisi nimeibiwa, na nilitukana kwa sauti ambayo sikuisikia mwenyewe. Watoto waliniambia baadaye kwamba mtaa mzima ulisikia.

Kuanzia hapo nikawa na daftari shingoni, limefungwa kwa waya wa honi. Anayetaka kuniambia jambo anaandika. Utagundua, kama yatakufika, kwamba watu wakiandika wanapunguza maneno ya bure. Mama mkwe alipunguza yote. Alikuwa anaandika "Chakula" na "Dawa", basi.

Papa Likunde hakufika mwisho wa sindano zake. Sitakuficha hilo, maana ningekuficha ungelikuta benchini siku moja bila kujiandaa. Asubuhi moja nafasi ya pembeni ilikuwa tupu, na Mama Béa alinishika bega. Watoto wake walimrudisha Yangambi kwa mto. Nilibaki katikati ya benchi lile, na nikaapa kwamba mimi nitainuka kutoka hapo kwa miguu yangu.

Na niliinuka. Miezi minane ikaisha, makohozi yakawa safi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikabaki na vidonge tu. Mama Béa aliandika kwa herufi kubwa kwamba siambukizi mtu, nikampelekea mama mkwe ukurasa huo. Aliusoma taratibu, akaitikia kwa kichwa, na jioni akaniletea chakula kwenye sahani yenye ua jekundu.

Jambo moja nililolitaka kuliko yote lilikuwa pikipiki yangu. Ilikuwa imefunikwa turubai muda wote ule. Bila pikipiki siwezi kwenda kwa wateja, siwezi kubeba betri, siwezi kwenda popote mpaka mtu apate nafasi ya kunishika mkono kama kipofu. Wiki ya kwanza baada ya sindano ya mwisho nilifunua turubai, nikawasha, nikasikia mtikisiko wake mapajani, nikafurahi mno. Nikateremka kutoka sokoni. Kwenye kona ya ghala sikupunguza mwendo.

Kilichofuata nilikiona chote kikiwa chekundu. Nilikuwa chini, barabara nyekundu, mikono yangu myekundu, nikadhani ni damu yangu. Yalikuwa mawese. Nilikuwa nimemgonga mtu wa toleka, mmoja wa wale wanaobeba watu na mizigo kwa baiskeli, akiwa na madumu mawili ya mafuta. Kifundo cha mkono wake kilikuwa kimevimba tayari. Alikuwa anapaza sauti, mishipa ya shingo imemtoka, na mkono wake mzima unabonyeza kengele iliyokuwa bado kwenye baiskeli iliyopinda. Alinionyesha kengele, akanionyesha sikio. Alikuwa amepiga kwanza. Kwa sheria ya njia panda, haki ilikuwa yake yote.

Mume wangu, Assani, mwalimu wa hesabu, alikuja mbio kutoka shuleni, chaki bado vidoleni. Hakunigombeza. Aliinua pikipiki, akachomoa ufunguo, akautia kwenye mfuko wa shati. Jioni aliandika: "Donc ni mwisho. Barabara haiko yako tena."

"Masikio ndiyo hayako yangu tena," nilimwambia. "Barabara hujaitengeneza weye."

Aliandika haraka, kalamu ikitoboa karatasi: "Nilihesabu vidonge yako kila siku. Nilihesabu kilo yako. Sitaki kuhesabu siku za matanga." Kisha akatoka nje. Nilisoma maneno yale mara nyingi. Yaliniuma kwa sababu yalikuwa ya upendo, na kwa sababu hata hivyo sikukubaliana nayo.

Nilikaa kibandani bila kwenda popote, nikiiangalia njia panda badala ya kuipa mgongo. Hapo ndipo niliona ambacho sikukiona miaka yote niliyokuwa na masikio. Hata wanaosikia hawasikii. Honi zilikuwa nyingi mno, kila mtu anapiga, kila mtu anaamini amepiga kwanza. Katika wiki mbili niliona breki za roho mkononi zisizo na idadi, na mara moja mwanamke mjamzito akirushwa kutoka nyuma ya pikipiki. Mimi ndiye niliyewafungia honi zile. Niliwauzia haki ya kutotazama. Nikajiambia: kama barabara haiwezi kusema na masikio yangu, itasema na macho ya kila mtu, na nitapita hapa tena kwa pikipiki yangu hata kama mume wangu ameumeza ule ufunguo.

Kambale alinitafutia rada mbili ndogo, zile zinazofichwa ndani ya bampa za magari ya kisasa ili gari lijue mwenzake yuko umbali gani. Zilitoka kwenye gari lililoungua bandarini. Nilipata na kompyuta isiyo na kioo, ukubwa wa sanduku la kiberiti, na paneli ya sola kutoka kwa kinyozi aliyehama. Ilinichukua mpaka mto ulipopanda na kushuka kuzielewa. Nilijifunza kwenye simu, na hapa uziwi ulinifaa, maana hakuna kelele iliyonisumbua.

Kazi yake ni hivi. Rada moja inamtazama anayeteremka kutoka sokoni, nyingine anayepanda kutoka mtoni. Haiwaki kwa kila anayepita, maana ingewaka kutwa na watu wangeizoea. Inapima mwendo wa huyu na wa yule, inapiga hesabu, na kujiuliza swali moja: watafika kwenye kona pamoja? Kama ndiyo, taa iliyo juu ya nguzo ya kona inawaka, na wote wawili wanaiona kabla ya ukuta kuisha. Kama hapana, inakaa kimya.

Hesabu hizo nilimpa Assani, nikiziandika kama maswali ya wanafunzi. Pikipiki inateremka kwa mwendo huu, baiskeli inapanda kwa mwendo ule. Alizipiga zote, akanirudishia zimenyooka, na chini ya ile ya mwisho akaandika: "Najua ni ya nini." Alinipa hesabu, akaninyima ufunguo.

Taa ya kwanza niliifunga nyeupe. Hilo ndilo kosa ambalo ni mtu wa mji huu tu angelifanya, na ni mtu wa mji huu ambaye hakupaswa kulifanya. Kwetu umeme unaondoka wiki, unarudi dakika. Taa nyeupe ilipowaka mara ya kwanza juu ya nguzo, muuza maji baridi alirusha mikono juu, mdomo wake ukisema neno ambalo hata kiziwi analisoma: "Courant!" Yaani umeme umerudi. Mtaa wote ukapasuka. Watu wakakimbilia pasi zao na majokofu yao, wengine wakitoka na simu na nyaya. Dereva wa pikipiki aliyekuwa anateremka alisimama katikati kabisa ya njia panda, akashangilia kwa mikono miwili, na huyu wa mtoni akampitia karibu ya kumvua kiatu. Taa yangu ya kuzuia ajali karibu ilete ajali siku ya kwanza. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na mapafu yangu yalistahimili kicheko kile. Hapo ndipo nilipojua kweli nimepona.

Nikabadilisha ikawa nyekundu, ya kumeta. Siku kumi ilifanya kazi. Madereva waligundua wenyewe, na wengine wakaanza kuipungia mkono. Siku ya kumi na moja wanajeshi wakaja.

Zilikuwa siku ambazo watu waliogopa vitu vinavyoruka angani kuliko vinavyotembea chini. Kapiteni aliteremka kwenye jipu na watu wake wawili, akainyooshea taa kidole, akanisemesha. Nilimtazama. Akapaza sauti, niliona kwa koo lake. Mmoja wa wale askari akanishika mkono.

"Chef," nilisema, "ukipiga kelele mpaka Ubundu, sitasikia. Andika."

Nikamvulia daftari shingoni. Alilitazama kama lingemlipukia, kisha akaandika: "Hii taa nyekundu inaita nani? Nani alikutuma kuonyesha adui njia?"

"Inaita weye, chef. Inakuita usiuawe na pikipiki."

"Inafaa kutoka leo."

"Inafaa uione kwanza. Jipu yako itoke mutoni, ipige klakson vile inataka. Miye nitateremuka soko na pikipiki yangu. Kama haikuwaka, utatuokota sote wawili, miye na taa yangu."

Sijui ujasiri ule ulitoka wapi. Nadhani ulitoka kwenye benchi. Aliyegeuka ukutani asubuhi za miezi minane haogopi sana mtu mwenye kalamu. Kapiteni alifikiri, akaandika: "Kesho saa tatu ya asubuhi. Ikikosa, ninavunja." Akanirudishia daftari kwa mikono miwili, kama mtu mstaarabu.

Nyumbani nilimweka Assani chini, nikamfungulia ukurasa huo. Alisoma, akatikisa kichwa. Ufunguo ulikuwa pale pale mfukoni, niliona umbo lake.

"Hukunihesabia vidonge ili nikae kwenye kiti," nilimwambia. "Hesabu ni zako. Kama unaziamini, nipe. Kama huziamini, niambie ni wapi umekosea."

Alikwenda kulala na shati lake mwilini.

Asubuhi nilifungua kikasha changu cha vidonge, kile chenye vyumba saba ambacho yeye hukijaza kila Jumamosi. Katika chumba cha siku ile, juu ya vidonge, ulikuwepo ufunguo. Nilimeza dawa zangu zote kwanza. Kisha nikatoka.

Watu walikuwa wamejipanga ukutani. Mtu wa toleka alikuwepo, kifundo kimepona, na Kambale na rozari yake mkononi. Assani alisimama chini ya nguzo, macho kwenye taa. Niliwasha, nikateremka, si polepole, kwa mwendo ule ule wa siku ya mawese, kwa sababu nilitaka jibu la kweli. Ukuta ukaja. Moyo wangu niliusikia kifuani, sauti pekee iliyobaki kwangu. Nikaona nyekundu. Nikakanyaga breki, tairi likateleza kidogo, nikasimama, na jipu likapita mbele yangu na vumbi lake, dereva akikandamiza honi ambayo, nikilitazama bampa lile, niligundua nimeifunga mimi.

Assani alikaa chini barabarani, mwanaume mzima, mwalimu, akaficha uso. Watu wote walikuwa wamefungua midomo. Sikuhitaji kusikia.

Kapiteni alichukua daftari. "Ni muzuri," aliandika. "Lakini usiku inaonekana juu. Weka kofia yenye kufunika, ao nitavunja."

Nikarudi nyumbani kwa pikipiki yangu, nikapanda kwenye banda la kuku, nikaishusha sahani yangu. Emali ni kitu kigumu, haipitishi mwanga hata chembe. Nilitoboa katikati ya ua jekundu kwa drili, nikarudi, nikaifunga juu ya taa, mdomo ukitazama chini. Ilikaa barabara. Kutoka angani huoni kitu. Kutoka barabarani unaona nyekundu, na juu yake, ukisimama chini kabisa, alama ya rangi ya kucha.

Jioni ile ilikuwa Ramadhani ya pili, mimi nimebakiza vidonge vya wiki chache. Jua lilipozama, Mama Mwamini alitoka kwenda nyuma, akarudi mikono mitupu. Alichukua daftari, na kwa mara ya kwanza akaniandikia zaidi ya neno moja: "Sahani yako iko wapi?"

"Iko kazini, mama," nilisema. "Iko njia panda, inalinda mutoto wako akienda shule."

Alinitazama. Assani aliacha tende nusu ya njia. Nami sikuondoa macho, maana siku ile nilikuwa nimeshakutana na jipu la jeshi.

Mama Mwamini alisogea. Alivuta kanga yake, akasukuma goti la mjukuu, na pale kwenye sinia, kati yake na mwanawe, pakawa na nafasi ya mtu mmoja. Nikakaa katikati.